Lanchester, baba wa freni za disiki, aliyekufa bila mali

Shofere anayeteremka kutoka Bagira kuelekea katikati ya mji wa Bukavu, gari limejaa watu na mvua imeacha matope barabarani, anategemea freni kwanza, mengine baadaye. Kwenye magurudumu ya mbele ya magari mengi ya leo, disiki ya chuma inabanwa na plaketi pande mbili. Aliyepata hati ya uvumbuzi huo, mwaka wa 1902, ni Mwingereza Frederick Lanchester. Kilichomshinda wakati ule ni adui ambaye makanika wa Bagira wanamjua vizuri: barabara mbovu yenye vumbi, na plaketi isiyodumu.

Lanchester alizaliwa London tarehe 23 Oktoba 1868, mtoto wa msanifu majengo. Alisomea uhandisi, lakini akatoka shuleni bila diploma. Akaenda Birmingham kufanya kazi katika kiwanda cha moteri za gesi. Mwaka wa 1895, akisaidiwa na ndugu zake, alitengeneza gari lake la kwanza, na mwisho wa 1899 kampuni yao ikaanzishwa.

Watengenezaji wengi wa siku zile walichukua umbo la gari la farasi wakalifunga moteri. Lanchester alichora kila kitu upya, freni pia. Aliweka disiki nyembamba inayozunguka pamoja na gurudumu, ibanwe huku na huku kama vidole vinavyoshika sahani. Disiki iko wazi, hewa inaipoza. Freni ya ngoma, ile makanika wanaita tamburu, inafungia joto ndani. Kwenye mteremko mrefu inapata moto, chuma chake kinapanuka na kwenda mbali na viatu vilivyo ndani, pedali inazama, na shofere anabaki kuomba Mungu.

Wazo lilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa kile kinachobana. Lanchester alitumia shaba, na shaba ikisugua chuma ilipiga kelele kali. Vumbi la barabara nalo liliila upesi. Miaka michache baadaye Mwingereza mwingine, Herbert Frood, alileta bitambaa vya freni vya asbesto vilivyovumilia joto (siku hizi asbesto imekatazwa katika nchi nyingi kwa sababu inaharibu mapafu). Lakini viwanda vilikwisha kuchagua tamburu, na disiki ikakaa pembeni karibu miaka hamsini.

Biashara haikumwendea vizuri. Kampuni iliishiwa na pesa mwaka wa 1904, ikabidi iundwe upya. Yeye aliendelea kufikiri. Mwaka wa 1907 na 1908 alitoa vitabu viwili juu ya namna ndege inavyobebwa na hewa, na mwaka wa 1922 alipokelewa katika Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza. Heshima hiyo haikumletea pesa. Uzeeni ugonjwa wa Parkinson ulimshika, macho yakafifia, na alikufa Birmingham tarehe 8 Machi 1946, bila mali na bila mtoto.

Miaka sita baadaye, Stirling Moss alishinda mashindano ya Reims, Ufaransa, akiendesha Jaguar yenye disiki za Dunlop. Mwaka wa 1953 Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda saa 24 za Le Mans kwa Jaguar ya aina hiyo, kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 170 kwa saa. Wenye tamburu walilazimika kupunguza mwendo mapema kabla ya kila kona, saa baada ya saa. Wenye disiki walichelewa kukanyaga, na bado walisimama.

Jaguar XK150 ya mwaka wa 1957 ikaja na disiki. Ndugu zake wakubwa, XK120 ya 1948 na XK140 ya 1954, zilitoka kiwandani na tamburu, na hadi leo kuna wenye magari hayo wanaotoa tamburu na kufunga disiki. Si kazi ya kufungua na kufunga tu. Kiatu cha tamburu, gari likienda mbele, kinajivuta chenyewe dhidi ya ngoma. Plaketi haifanyi hivyo, kwa hiyo mguu unahitaji nguvu zaidi au servo ya kuusaidia. Pampu kuu ya freni lazima ilingane na pistoni mpya. Na nguvu ya mbele isipopimwa pamoja na ya nyuma, gari linaweza kuteleza hapo hapo mtu anapotafuta usalama.

George, mdogo wake Frederick aliyeshirikiana naye tangu lile gari la kwanza, alikufa mwaka wa 1970. Wakati huo disiki ilikuwa imekwisha kutoka kwenye magari ya mashindano na kuingia katika magari ya familia.