Kidole cha mguu kilivyoharibu mkono wa Dizzy Dean

Mzazi, mtoto wako akiumia mguu uwanjani, na siku tatu baadaye akakwambia amepona, unaamini maneno yake au unaangalia anavyotembea? Wiki hii nakusimulia maisha ya mchezaji wa Marekani ambaye jeraha dogo la mguu lilimpokonya mkono wake.

Jay Hanna Dean, aliyejulikana zaidi kwa jina la utani la Dizzy, alizaliwa Januari 16, 1910 huko Lucas, jimbo la Arkansas. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Shule aliiacha mapema, akawa anachuma pamba pamoja na baba na ndugu zake. Mchezo wa besiboli ndio uliomtoa shambani.

Katika besiboli, mrushaji humtupia mpira mpigaji aliyeshika gongo, na katika mechi moja anaweza kurusha mara mia au zaidi. Dean alikuwa mrushaji wa St. Louis Cardinals. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 24, aliipatia timu yake ushindi katika mechi 30, na mdogo wake Paul katika mechi 19. Mwaka huohuo waliwafunga Detroit Tigers na kutwaa ubingwa.

Julai 7, 1937, katika mechi ya nyota wa ligi mbili mjini Washington, mpira uliopigwa na Earl Averill ulimgonga Dean mguu wa kushoto na kuvunja kidole gumba. Mfupa huo huhitaji wiki kadhaa kuunga. Dean alirudi kurusha kabla haujapona.

Hapa ndipo penye somo. Nguvu ya kurusha haianzii mkononi. Huanzia miguuni, hupita kiunoni na mgongoni, kisha hufika begani na kiganjani. Anayerusha kwa mkono wa kulia, kama Dean, hutua kwa mguu wa kushoto. Kwa kuwa kutua kulimuuma, alibadili namna ya kurusha, na mzigo wa mwili mzima ukaangukia bega. Kidole kilipona, lakini mkono haukurudi ulivyokuwa.

Mwaka 1938 aliuzwa kwa Chicago Cubs kwa dola 185,000 na wachezaji watatu. Alijitahidi kwa akili na ujanja, ila kasi ilikuwa imekwisha. Kati ya mechi 150 alizoshinda maishani, 134 zilikuwa hadi mwisho wa 1937. Baada ya hapo ni 16 tu. Mwaka 1941, akiwa na miaka 31, aliacha kucheza, akawa mtangazaji wa mpira aliyependwa sana. Alifariki Julai 17, 1974.

Mzazi, mtoto aliyeumia asirudi mchezoni hadi atembee bila kuchechemea, asimame kwa mguu ulioumia peke yake, na aweze kukimbia na kuruka bila maumivu. Usimpe dawa ya maumivu ili acheze. Dawa hunyamazisha maumivu, haiungi mfupa. Kumbuka pia kuwa mifupa ya watoto ina sehemu laini za kukulia karibu na viungo, hivyo kinachoonekana kama kuteguka kinaweza kuwa kuvunjika. Akishindwa kupiga hatua nne, au mguu ukivimba sana au kupinda, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Nawe mgonjwa mtu mzima, ukija kwa daktari na maumivu ya mgongo, nyonga au bega, mweleze pia kuhusu goti au kifundo ulichoumia miezi iliyopita, hata kama unadhani havihusiani. Mara nyingi panapouma leo pamekuwa pakibeba mzigo wa mahali pengine.