Chano Pozo: Mpiga Tumba Aliyetunga bila Kujua Nota

Wapenzi wa muziki wa dansi hawana haja ya kuelezwa tumba ni nini. Lakini ni wachache wamjuao mtu aliyeipatia ngoma hiyo kiti cha heshima katika bendi kubwa za jazi huko Marekani. Mtu huyo ni marehemu Luciano Pozo González, aliyejulikana kwa jina la Chano Pozo.

Chano alizaliwa tarehe 7 Januari 1915 mjini Havana, Cuba, miaka 29 tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo. Wazee wake walikuwa wa kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Waafrika hao hawakuruhusiwa kuchukua mali, lakini ngoma zao waliziweka moyoni. Hata hili neno letu ngoma lilifika Cuba pamoja na watu wa Kongo, na likabaki huko.

Alikulia katika ufukara. Aliuza magazeti, aling'arisha viatu, na angali kijana alifungwa katika shule ya watoto watukutu. Shule yake ya kweli ilikuwa ua wa nyumba za maskini, na chama cha siri cha Abakuá, kilichotokana na watu wa mpakani mwa Nigeria na Kamerun. Humo alijifunza midundo na nyimbo za kale. Baadaye akasifika katika sherehe za kanivali, na tungo zake, mojawapo Blen Blen Blen, zikaimbwa na wengi.

Alipohamia New York, Mario Bauzá, mpiga tarumbeta wa Cuba, alimjulisha kwa Dizzy Gillespie, aliyekuwa akitafuta mpiga tumba. Tarehe 29 Septemba 1947 Chano alipanda jukwaani pamoja na bendi ya Gillespie katika ukumbi wa Carnegie Hall. Hakujua Kiingereza, wala Gillespie hakujua Kihispania. Mdundo ndio uliokuwa mkalimani wao.

Hapa ndipo ilipo fahari ya marehemu. Chano hakujua kusoma nota wala kuziandika. Hata hivyo, wimbo mashuhuri wa Manteca, uliorekodiwa tarehe 30 Desemba 1947, ulianzia kinywani mwake. Aliimba sauti ya besi, kisha sauti za saksofoni, kisha za tarumbeta, moja juu ya nyingine, kama ngoma za kwao zinavyopokezana. Gillespie aliongeza kipande cha katikati, na Gil Fuller akauandika wote kwa ajili ya bendi. Je, asiyejua kuandika si mtunzi? Santuri yenyewe inatoa jibu.

Mwanzoni mwa 1948 bendi hiyo ilizuru Ulaya, na watazamaji wa Paris wakastaajabu. Lakini hatuna haja ya kumpamba marehemu. Alikuwa mwepesi wa hasira na mpenda anasa, na huko Havana alikwisha kupigwa risasi katika ugomvi wa kudai malipo ya tungo zake. Baadaye mwaka huo, bendi ikiwa ziarani kusini mwa Marekani, ambako mtu mweusi alibaguliwa kwa sheria, tumba zake ziliibiwa, naye akarudi New York. Huko, mwanzoni mwa Desemba 1948, aliuawa kwa risasi katika baa moja ya Harlem, kwa ugomvi uliotokana na bangi aliyouziwa. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Tangu usiku ule wa Carnegie Hall hadi kifo chake ilipita miezi 14 tu. Lakini tangu hapo wapigaji wengi wa jazi wameiona tumba kuwa mwenzi wa piano na tarumbeta, wala si pambo la jukwaani. Tunapomkumbuka Chano Pozo, tuwakumbuke pia wazee wasiojulikana majina, waliomrithisha midundo hiyo kwa mkono na kwa sikio.