Padre George Herbert na Mtaa Wake Mdogo



Kila tarehe 27 Februari Kanisa la Uingereza, pamoja na sehemu nyingine nyingi za Kanisa letu la Anglikana, humkumbuka George Herbert, padre wa Bemerton. Wengi wamesikia jina lake kwa sababu ya mashairi yake, nayo ni mazuri kweli. Lakini safari hii tumtazame kama padre wa mtaa, maana mambo aliyoyafanya juma kwa juma katika mtaa ule mdogo yanatuhusu sana sisi ambao makanisa yetu hayajai watu siku za kazi.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1593 huko Montgomery, katika nchi ya Wales. Jamaa zake walikuwa watu wakubwa. Baba yake alifariki mwaka 1596, George akiwa mtoto wa miaka mitatu, na mama yake, Magdalen, akabaki na watoto kumi wa kulea. Alikuwa mama mcha Mungu na mwenye akili, na mmoja wa rafiki zake alikuwa John Donne, mhubiri na mshairi mashuhuri. Mama huyu akahakikisha kwamba George amesoma vizuri. Akaingia Chuo cha Trinity, Cambridge, akang'ara, hata mwaka 1620 akachaguliwa kuwa Msemaji wa Chuo Kikuu. Kazi yake ilikuwa kuandika barua za Kilatini kwa mfalme na wakubwa, na kutoa hotuba wageni wa heshima walipofika.

Siku zile cheo hicho kilikuwa kama ngazi. Aliyekishika aliweza kupanda mpaka serikalini kwa mfalme, na Herbert naye alitazamia hivyo. Mwaka 1624 akaingia Bungeni kwa niaba ya Montgomery. Lakini wakubwa waliompenda wakafa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1625 Mfalme James mwenyewe akafariki. Ngazi ikaondolewa ukutani. Tena mwili wake haukuwa na nguvu. Homa na kifua vilimsumbua tangu ujana. Miaka kadhaa alikaa bila kujua afanye nini. Katika mashairi yake tunamwona akimlalamikia Mungu kwamba amekuwa mtu asiyefaa kitu, hata kama mti, ambao walau huzaa matunda na kuwapa ndege mahali pa kujenga.

Izaak Walton, aliyeandika habari za maisha yake mwaka 1670, anasimulia kwamba Herbert alipomweleza rafiki mmoja wa ikulu nia yake ya kuingia katika utumishi wa Kanisa, rafiki huyo alimkataza. Aliona kazi ya upadre ni duni mno kwa mtu wa ukoo ule na elimu ile. Herbert akamjibu kwamba watumishi wa nyumbani mwa Mfalme wa Mbinguni wastahili kutoka katika jamaa zilizo bora duniani, na kwamba ikiwa watu wa wakati ule wameidharau kazi hiyo, yeye atajitahidi kuirudishia heshima yake.

Basi mwaka 1629 akamwoa Jane Danvers, na tarehe 26 Aprili 1630 akakabidhiwa mtaa wa Fugglestone na Bemerton, karibu na mji wa Salisbury. Upadre wenyewe aliupokea mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Makanisa yake yalikuwa mawili, yote madogo. Kanisa la Mtakatifu Andrea, Bemerton, lingali limesimama hata leo, na mtu akiingia hushangaa kuona udogo wake.

Desturi ya kukabidhiwa mtaa ilikuwa kwamba padre mpya hufungiwa kanisani peke yake, agonge kengele ili watu wajue kwamba ameupokea. Herbert akaingia, mlango ukafungwa, rafiki zake wakangoja nje. Wakangoja sana. Mmoja wao akachungulia dirishani, akamwona amelala kifudifudi mbele ya Meza ya Bwana. Baadaye akamwambia rafiki huyo kwamba mle ndani alikuwa akijiwekea kanuni za maisha yake kama mchungaji, na kuahidi kuzishika.

Nyumba ya padre ilikuwa imechakaa, na kanisa nalo lilihitaji matengenezo. Akavijenga upya kwa fedha yake. Ndipo likaanza juma la Bemerton.

Jumapili ya kwanza alihubiri kwa ufasaha mwingi, kama msemaji wa Chuo Kikuu. Lakini mwisho wa hotuba akawaambia watu kwamba hiyo haitakuwa desturi yake. Tangu siku hiyo lugha yake itakuwa nyepesi ili wote waelewe. Akatimiza. Hebu tufikiri, ndugu, ni sadaka gani hiyo kwa mtu aliyepata sifa zake zote kwa ulimi wake! Akachukua muda mwingi kuwaeleza watu maana ya Sala za Kanisa: kwa nini tunaanza kwa kuungama dhambi, kwa nini tunasoma Zaburi, kwa nini Injili ya leo ni hii wala si nyingine. Hakutaka watu waitikie kama kasuku.

Jumapili alasiri ilikuwa saa ya katekisimo. Herbert aliandika kitabu juu ya kazi ya padre wa shamba, kikachapwa mwaka 1652, baada ya kufa kwake. Mwenyewe alisema amekiandika ili awe na shabaha ya kulenga. Humo anafundisha kwamba katika katekisimo padre asitoe majibu yote yeye, bali aulize maswali ya kumwongoza mtu mpaka alione jibu mwenyewe, akitumia vitu avijuavyo mkulima: jembe, chachu, ng'ombe, mbegu. Baada ya hapo, saa za Jumapili zilizobaki ni za kupatanisha waliogombana na kutazama wagonjwa. Jioni padre ale pamoja na majirani.

Siku za kazi kitabu hicho chamtaka padre awatembelee watu mchana, wakati wako katika shughuli zao, maana Jumapili kila mtu huvaa nguo safi na uso safi, bali siku ya kazi humwona alivyo. Wala asidharau kuingia katika kibanda cha maskini kabisa, hata kama itambidi kuinama sana mlangoni, na hata kama ndani mna harufu mbaya. Mke wa padre naye awe hodari wa kufunga vidonda na kutibu kwa majani ya bustanini. Katika Bemerton, Herbert alimkabidhi mkewe Jane fungu la kumi la mapato ya mtaa awagawie maskini. Walton anasema kazi hiyo mama huyo aliifanya kwa furaha.

Mara mbili kila juma Herbert alikwenda kwa miguu mpaka Kanisa Kuu la Salisbury kusikiliza sala zinazoimbwa, kisha akaketi na rafiki zake kupiga muziki. Yeye mwenyewe alipiga kinanda cha nyuzi kilicho ndugu yake udi, ule ule tuujuao katika taarabu. Siku moja, akielekea huko, akamkuta maskini ambaye farasi wake ameanguka chini ya mzigo. Padre akavua joho lake, akasaidia kushusha mzigo, kumwinua farasi na kumpakia tena. Akampa mtu huyo fedha kidogo za chakula chake na cha mnyama. Alipofika Salisbury nguo zimejaa tope, wenziwe wakashangaa. Mmoja akaona kwamba amejishushia heshima. Akawajibu kwamba kumbukumbu ya tendo lile itakuwa muziki kwake usiku wa manane, na kwamba akiomba Mungu awasaidie walio taabuni, basi imempasa naye, kadiri awezavyo, kutenda lile aliloliomba.

Lakini jambo lililo kiini cha juma lile lilikuwa dogo kuliko yote hayo. Kila siku, mara mbili, saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kengele ya kanisa ililia. Padre, mkewe, binti watatu wa dada yake waliofiwa na wazazi, na watu wote wa nyumba yake, wakavuka njia na kuingia kanisani kwa Sala za Asubuhi na za Jioni. Wengi wa mtaani walizoea kuja nao. Ila mkulima aliye katikati ya shamba atakujaje mara mbili kwa siku? Walton anasimulia kwamba baadhi ya wakulima, waliposikia kengele ya Bwana Herbert, walisimamisha plau, wakamtolea Mungu sala zao palepale, kisha wakaendelea kulima.

Hapo ndipo penye fundisho, ndugu. Mtu aliyeingia kanisani saa ile angeweza kuhesabu vichwa na kusikitika. Lakini hesabu hiyo isingekuwa kamili, kwa sababu ushirika ule haukuishia mlangoni. Wachache walioingia waliomba kwa niaba ya wote, na waliobaki mashambani waliomba pamoja na wale waliokuwa ndani. Kengele ndiyo iliyowaunganisha. Kama padre angekata tamaa kwa sababu ya uchache, akaiacha kengele, yule aliyeshika plau naye angepoteza sala yake, wala padre asingejua kamwe amempotezea nani.

Herbert aliipenda sana sala hii ya pamoja. Kabla ya kwenda Bemerton alipewa dhamana ya kanisa la Leighton Bromswold, lililokuwa limeharibika, akakusanya fedha likatengenezwa. Mle ndani paliwekwa mimbari mbili zilizo sawa kwa kimo, moja ya kuhubiria na moja ya kusomea sala, ili watu wasidhani kwamba mahubiri ni makubwa kuliko sala, wala sala kuliko mahubiri. Mimbari hizo zipo mpaka leo.

Kazi yake katika Bemerton haikufika hata miaka mitatu. Kifua kikuu kilimmaliza. Aliendelea kusoma sala kanisani mpaka mkewe alipoona kwamba kusoma kunamtoa pumzi, akamsihi. Ndipo akamwachia msaidizi wake, Bwana Bostock, naye akawa anakuja kusikiliza maadamu aliweza kutembea. Karibu na mwisho akamkabidhi mgeni mmoja kitabu kidogo cha mashairi yake, ampelekee rafiki yake Nicholas Ferrar. Agizo lake lilikuwa kwamba Ferrar akiona kitabu hicho chaweza kumfaa mtu maskini aliyevunjika moyo, akichapishe. La sivyo, akichome moto. Jumapili ya mwisho ya maisha yake aliinuka kitandani, akaomba kinanda chake, akapiga na kuimba. Alifariki tarehe 1 Machi 1633, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka arobaini, akazikwa katika kanisa lake dogo.

Ferrar hakukichoma kitabu. Kilichapwa Cambridge mwaka huohuo, na mpaka leo baadhi ya mashairi yake huimbwa kama tenzi katika makanisa ya Kiingereza. Yule aliyelalamika kwamba hazai matunda amelisha watu kwa karibu miaka mia nne. Sala alizozipenda zilipata taabu: mwaka 1645, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Uingereza, Bunge lilikataza Kitabu cha Sala kisitumiwe. Lakini kikarudi, na kile cha mwaka 1662 ndicho kilichosafiri na Kanisa letu mpaka kwetu.

Basi, ndugu, tusiyasome maisha haya kama hadithi ya mzungu wa kale aliyekuwa mwema. Katika mitaa yetu wapo wazee na akina mama wanaofika kila siku kwa sala ya jioni, watatu, wanne, na pengine padre mwenyewe yuko safarini, mwalimu ndiye asomaye. Watu wengine hupita njiani, wakiona kanisa tupu, wakasema kwamba Ukristo wa hapa umepoa. Wale wanne wasivunjike moyo. Bwana ametoa ahadi yake kwa wawili au watatu, wanne wamezidi.

Nasi ambao hatuwezi kufika, kwa sababu ya shamba, duka, kazi ya zamu au mgonjwa nyumbani, tusijihesabu kuwa tuko nje. Kengele ikilia, au ngoma, au hata chuma cha reli kinachogongwa chini ya mwembe, tuweke jembe chini kwa kitambo. Tuseme Baba Yetu. Tuwataje wale walioko kanisani, maana hakika wao wanatutaja. Kisha tuendelee kulima.

Mungu, aliyemwita mtumishi wake George kutoka ikulu za wafalme awe mchungaji wa wachache, atujalie sisi kuwa waaminifu katika mambo madogo ya kila juma, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.