Moïse Tshombe: aliyepanda kwa swali la wageni, akazikwa ugenini

Katikati ya mji wa Lubumbashi, karibu na jengo la Posta, imesimama sanamu ya Moïse Tshombe. Kwa wakaaji wengi wa Katanga, huyu ni baba wa jimbo. Kwa Wakongo wengine, ni mtu aliyetaka kuipasua nchi. Lakini hakuzikwa Lubumbashi, wala kwao Kapanga. Alizikwa Ubelgiji mwaka 1969, baada ya kufia Algeria, nchi ambayo hakuwahi kuomba kuingia.

Kila mara mabishano yanapozuka Lubumbashi kuhusu watu wanaoshuka kwenye treni kutoka Kasai, jina la Tshombe hurudi midomoni. Maisha yake yanaonyesha jinsi swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilivyoingia katika siasa ya mji huu, na lilivyomgeukia hata yeye mwenyewe.

Mtoto wa ufalme uliokatwa vipande

Tshombe alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka 1919 huko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika eneo la Kapanga. Baba yake, Joseph Kapend Tshombe, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali nyingi wakati ambapo Wakongo wenye maduka yao walikuwa wachache sana. Kijana alisoma katika shule za misheni ya Wamethodisti, akajifunza uhasibu, kisha akaoa binti wa Mwant Yav.

Ufalme wa mababu zake haukujua mipaka ya leo. Wazungu walipogawana Afrika, Walunda walijikuta katika nchi tatu: Kongo ya Wabelgiji, Angola ya Wareno, na Rhodesia ya Kaskazini ya Waingereza, ambayo leo ni Zambia. Ndugu wa ukoo mmoja wakawa raia wa nchi mbalimbali bila hata mmoja wao kuhama.

Mji uliojengwa na watu wa mbali

Baba yake alipokufa, Tshombe alirithi biashara, lakini mambo hayakumwendea vizuri na maduka yakaanguka. Akageukia siasa. Kuanzia mwaka 1951 alikaa katika baraza la jimbo la Katanga, na mjini Élisabethville, jina la Lubumbashi wakati huo, akawa mmoja wa viongozi wa chama cha Walunda.

Mji huo ulizaliwa mwaka 1910, miaka minne baada ya kuanzishwa kwa kompani ya Union Minière. Shaba ilikuwa tele, lakini watu wa kuichimba hawakutosha. Kompani ikatafuta wafanyakazi Rhodesia ya Kaskazini, baadaye Kasai na Ruanda-Urundi. Mwaka 1928 reli iliunganisha Katanga na Ilebo kupitia Kasai, na Baluba wengi wa Kasai wakafika. Wengine waliingia migodini, wengine wakawa makarani, mafundi na walimu.

Mtu mweusi hakuweza kuhama eneo lake bila karatasi ya wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, bei ya shaba ilipoanguka, maelfu ya wafanyakazi walirudishwa makwao. Kazi iliporudi, waliitwa tena. Mlango ulifunguliwa na kufungwa kwa faida ya kompani.

Uchaguzi wa 1957

Mwezi wa 12 mwaka 1957, Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa kwanza wa komini mjini Élisabethville. Matokeo yalishtua watu wengi waliojiita Wakatanga wa asili. Viongozi wote wa komini za Waafrika walitoka nje ya Katanga, wengi wao Kasai.

Mwezi wa 10 mwaka 1958 kikaundwa chama cha CONAKAT, muungano wa vyama vya makabila ya Katanga. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba wenyeji wanamezwa na wageni, na kwamba kazi na madaraka ya Katanga ni haki ya Wakatanga. Chama kiliwataka wakubwa wa koloni wazuie watu wa Kasai wasiendelee kuja. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi kwa vijana waliokosa kazi katika ardhi ya baba zao huku wakiona wengine wakipandishwa vyeo.

Lakini hesabu ya nani mwenyeji ilikuwa na mambo ya kushangaza. Rais wa kwanza wa CONAKAT alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri, mfalme wa Bunkeya. Msiri mwenyewe alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akafika Katanga kama mfanyabiashara katika karne ya 19. Tshombe aliposhika uongozi wa chama mwaka 1959, CONAKAT ilishirikiana na chama cha walowezi Wazungu. Mbelgiji mwenye shamba alihesabiwa mtu wa nyumbani, lakini Mkongo aliyezaliwa kambini Élisabethville na wazazi wa Kasai aliitwa mgeni.

Katanga yenye bendera yake

Katika uchaguzi wa mwezi wa tano mwaka 1960, CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo. Wapinzani wao, wakiongozwa na Balubakat ya Jason Sendwe, walipata 23. Sendwe alikuwa Mluba wa Katanga yenyewe, si wa Kasai. Hata hivyo, baada ya Tshombe kutangaza uhuru wa Katanga tarehe 11 mwezi wa saba mwaka huo, Baluba wa kaskazini mwa jimbo walipigwa vita kama maadui. Vijiji vilichomwa, na watu wengi wakauawa. Aliyekuwa mwenyeji jana alikuwa ametolewa kwenye orodha.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961, Patrice Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliletwa Élisabethville kwa ndege na kuuawa usiku huo huo. Damu hiyo ilimfuata Tshombe mpaka mwisho.

Kuanzia mwezi wa nane mwaka 1961, Baluba wa mjini waliokimbia kukamatwa na kupigwa walikimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Makumi ya maelfu ya watu walijazana katika kambi kando ya mji, katika vibanda vya matawi na mabati, wakikosa maji na chakula cha kutosha. Mwaka 1962 wengi wao walisafirishwa kuondoka Élisabethville, na watu wa Kasai wakapelekwa jimbo ambalo watoto wao hawakuwahi kuliona.

Katanga huru ilikwisha mwezi wa kwanza mwaka 1963. Askari wake wengi walivuka mpaka kuingia Angola. Miezi michache baadaye Tshombe naye aliondoka, akaenda kuishi Uhispania.

Waziri mkuu na wageni wa 1964

Nchi ilipowaka moto wa uasi wa Simba, Tshombe aliitwa nyumbani na mwezi wa saba mwaka 1964 akawa waziri mkuu wa Kongo nzima. Tarehe 1 mwezi wa nane, katiba ya Luluabourg ilitangazwa. Kifungu chake cha sita kilisema kwamba Mkongo ni mtu mwenye mzazi au babu wa kabila, au sehemu ya kabila, lililokuwa Kongo kabla ya tarehe 18 mwezi wa 10 mwaka 1908. Hapo ndipo tarehe ikawa kipimo cha uraia, jambo ambalo mashariki mwa nchi limeleta ugomvi mpaka leo. Sheria ya mwaka 2004 iliisogeza tarehe hiyo hadi siku ya uhuru.

Mwezi huo huo wa nane, serikali ya Tshombe iliamuru raia wa Kongo-Brazzaville, Burundi na Mali wafukuzwe, kwa sababu nchi zao zilishutumiwa kuwasaidia waasi. Maelfu ya familia zilizokuwa zimefanya kazi na biashara Kinshasa kwa miaka mingi zilivushwa mto kwenda Brazzaville. Waliofukuzwa hawakuulizwa kama walimjua muasi hata mmoja. Wakati huo, askari wa zamani wa Katanga walikuwa wakirudishwa kutoka Angola, na mamluki Wazungu kutoka Afrika Kusini na Rhodesia waliingia kwa mwaliko wa serikali.

Mwezi wa 10 Tshombe alikwenda Cairo kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Wamisri walimweka katika jumba chini ya ulinzi na kumzuia kuingia mkutanoni. Waziri mkuu wa nchi kubwa alirudi bila kuketi kitini.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1965 Rais Kasavubu alimfukuza kazi, na mwezi wa 11 Mobutu akachukua madaraka. Tshombe akarudi Uhispania. Mwezi wa tatu mwaka 1967 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo. Tarehe 30 mwezi wa sita mwaka huo, ndege aliyopanda kule Uhispania ilitekwa angani na kupelekwa Algeria.

Kinshasa ilimtaka arudishwe. Mahakama kuu ya Algeria ilikubali, lakini serikali haikumtoa, wala haikumwachilia. Kwa miaka miwili alikaa kizuizini. Alikufa tarehe 29 mwezi wa sita mwaka 1969, akiwa na miaka 49. Madaktari walisema ni moyo, ingawa wengi nyumbani hawakuamini. Jamaa zake walimzika Ubelgiji.

Swali lake halikuzikwa naye. Mwaka 1992, Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alichaguliwa kuwa waziri mkuu mahali pa Jean Nguza Karl-i-Bond, mpwa wa Tshombe. Katanga, iliyoitwa Shaba wakati huo, ilikuwa chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na watu wa Kasai wakafukuzwa tena. Katika stesheni za Likasi na Kolwezi walisubiri treni kwa wiki na miezi, na wengi, hasa watoto, walikufa kwa njaa na magonjwa kabla ya kuondoka. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapo hapo, watoto na wajukuu wa wale walioitwa na kompani kuja kuchimba shaba.