Maisha ya Bwana Henry Ford na Motokaa ya Mfanyakazi

Wanachama wengine watashangaa kukuta katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, baina ya habari za maghala, mizani na minada ya korosho, maisha ya tajiri wa Marekani ambaye hakuwa mwana-ushirika hata siku moja. Sababu yetu ni hii. Katika barua zinazofika mezani petu, baada ya zile za pembejeo, nyingi ni za kuomba mkopo wa chombo cha kwendea kazini. Huandika karani wa ghala anayelala Chiwata na kituo chake kiko mbali, huandika mama anayebangua korosho, huandika kijana mwalimu aliyepangiwa shule ya upande wa pili wa mlima. Wengine wamekwisha kuchukua pikipiki kwa mkataba, wakipeleka hesabu kila jioni kwa mwenye chombo, hata siku inapokuwa mali yao tairi zimekwisha na injini inalia. Kamati yetu imegawanyika katika jambo hili. Wako wasemao mwanachama aweke akiba kwanza mpaka bei itimie. Wako wasemao apewe chombo kwanza, alipe huku anakitumia. Swali hilo si geni duniani. Lilimshinda Bwana Henry Ford mwaka 1923, naye wakati huo alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa dunia. Kwa hiyo tumeona vema tusimulie habari zake tangu mwanzo.

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 shambani, karibu na Dearborn katika jimbo la Michigan. Baba yake, William, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland aliyestawi kwa ukulima, naye alitumaini kwamba mwanawe atalirithi shamba. Lakini mtoto hakupenda kazi ile. Aliona jasho ni jingi na mavuno ni machache, jambo ambalo mkulima yeyote wa huku hatalibisha. Mama yake alifariki mwaka 1876, Henry akiwa na miaka 12. Katika mwaka huo huo aliona njiani mashine ya mvuke ikijiendesha yenyewe pasipo kukokotwa na farasi, na toka siku hiyo akili yake haikutulia. Tukumbuke kwamba mwaka huo wa 1876 ndio Askofu Steere alipoleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, nao walitoka Lindi hadi hapa kwa miguu yao.

Mwaka 1879 alikwenda mjini Detroit kujifunza ufundi karakanani. Mshahara haukutosha chakula na malazi, ndipo usiku akawa anatengeneza saa za watu ili aongeze kipato. Mwaka 1888 alimwoa Clara Bryant, na mwaka 1891 akaajiriwa na kampuni ya umeme ya Edison, akapanda hata kuwa mhandisi mkuu. Mchana alilinda mitambo ya umeme. Usiku alijifungia katika kibanda nyuma ya nyumba yake, akiunda gari lake mwenyewe. Usiku wa tarehe 4 Juni 1896 gari likawa tayari, lenye magurudumu manne ya namna ya baiskeli. Hapo fundi wetu akatambua kwamba mlango wa kibanda ni mwembamba kuliko gari. Hakuwa na subira ya kungoja mchana. Alishika shoka, akabomoa matofali, akatoka nalo barabarani. Hadithi hii twaipenda, maana inaonyesha kwamba hata mwenye akili nyingi huweza kusahau kupima mlango.

Kampuni yake ya kwanza ilianza mwaka 1899 ikafa upesi, na ya pili aliiacha mwaka 1902 kwa kutopatana na wenye mtaji. Ya tatu, Ford Motor Company, iliandikishwa tarehe 16 Juni 1903, nayo ingaliko hata leo. Siku zile motokaa ilikuwa chombo cha anasa cha matajiri. Wenye mtaji walitaka magari makubwa ya bei kubwa, kwa kuwa faida ya gari moja ilikuwa nono. Bwana Ford alishika njia nyingine: gari moja tu, la namna moja, jepesi na imara, litakalouzwa kwa watu wengi kwa faida ndogo.

Gari hilo ndilo Model T, lililotoka Oktoba 1908. Lilisimama juu ya ardhi ili lipite kwenye mawe na makorongo, maana barabara za mashamba za Marekani wakati ule zilikuwa tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi, kama zile tunazoteremkia bondeni. Chuma chake kilikuwa chepesi na kigumu. Vipuri vya gari moja viliingia katika gari jingine bila kuchongwa upya, na mwenye gari aliweza kurekebisha mengi kwa vifaa vichache. Wakulima walilifunga mkanda gurudumu la nyuma, likapasua mbao na kuvuta maji.

Hata hivyo bei yake ya mwanzo, dola 850, ilikuwa mbali na mkono wa kibarua. Katika kiwanda chake mwenyewe mtu alipata chini ya dola mbili na nusu kwa siku ya saa 9, maana yake gari lile lilikuwa sawa na mshahara wa siku zaidi ya 340, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Hapa ndipo ilipo kazi yake kubwa. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, gari lilianza kuvutwa mbele ya mafundi, kila mmoja amesimama mahali pake na kufunga kitu kimoja tu. Kazi ya kuunganisha chesisi, iliyochukua zaidi ya saa 12, ilishuka hata saa moja na dakika 33 mwaka 1914. Bei nayo ikashuka mwaka hata mwaka, na kufika mwaka 1925 gari la bei ndogo kabisa liliuzwa dola 260. Lilipoachwa kuundwa mwaka 1927, magari milioni 15 yalikuwa yametoka.

Lakini kazi ya kufunga kitu kimoja kutwa nzima ilichosha mioyo ya watu, wakawa wanaondoka makundi kwa makundi. Mwaka 1913 kampuni iliajiri watu wapatao 52,000 ili ibaki na 14,000. Ndipo tarehe 5 Januari 1914 Bwana Ford alipotangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa 8. Wenye viwanda wenzake walimwona amerukwa na akili. Kwa malipo hayo, gari ambalo mwaka huo lilishuka chini ya dola 500 likawa sawa na mshahara wa siku zisizofika 100. Tusifiche upande wa pili: sehemu kubwa ya malipo hayo ilikuwa ni bahashishi yenye masharti. Wakaguzi wa kampuni waliingia majumbani kuuliza kama mtu anakunywa pombe, kama anaweka akiba, kama nyumba yake ni safi. Sisi tunaowajua wanachama wetu twauliza ni nani kati yao angalikubali karani wa Chama achungulie chungu chake.

Mwaka huo huo alifanya jambo linalofanana na ushirika kuliko yote aliyoyafanya. Aliahidi kwamba magari zaidi ya 300,000 yakiuzwa katika mwaka unaoanza Agosti 1914, kila mnunuzi atarudishiwa sehemu ya fedha yake. Yaliuzwa kupita kiasi hicho, na kila mmoja akaletewa dola 50. Mkulima wa korosho aliyewahi kupokea malipo ya majaliwa, wakati alipodhani hesabu za msimu zimekwisha, ataielewa furaha ya watu wale.

Vita Vikuu vya kwanza vilileta magari ya Ford hata Afrika Mashariki, yakilitumikia jeshi la Waingereza. Novemba 1917 vita vilifika hapa Chiwata penyewe, na baada ya siku chache Jenerali von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma. Lakini magari yalikuwa machache na njia mbaya. Mzigo wa vita vile ulibebwa hasa na vichwa vya wapagazi, na wengi wao hawakurudi kwao.

Sasa tuje kwenye swali la kamati yetu. Mwaka 1919 kampuni ya General Motors ilianzisha chombo cha kuwakopesha wanunuzi: mtu alitoa fedha kidogo, akaondoka na gari, akalipa mengine kwa mafungu. Bwana Ford alichukia deni kama mtu achukiavyo ugonjwa. Mwaka 1923 alitoa mpango wake mwenyewe. Mnunuzi alijiandikisha kwa muuzaji wa magari, akapeleka dola 5 kila juma. Fedha zikawekwa benki zikapata faida, na bei ilipotimia ndipo alipokabidhiwa gari. Mpango ulikuwa safi na wa heshima, tena usio na riba juu ya mnunuzi. Watu wengi walijiandikisha, lakini wengi hawakufika mwisho. Hata kwa gari la dola 260 mtu alihitaji majuma 52, na mwaka mzima aliendelea kutembea kwa miguu huku jirani yake, aliyekopa kwingine, akimpita njiani na kumtimulia vumbi. Mwaka 1928 Bwana Ford alisalimu amri, akaunga mkono kampuni ya mikopo ya magari yake.

Maoni yetu ni kwamba mpango ule haukushindwa kwa ubaya wa akiba. Ulishindwa kwa kuwa mfanyakazi alihitaji chombo leo ili afike mahali anapopata hiyo fedha ya kuweka. Lakini wale wanaotaka mkopo wa haraka nao wasishangilie mno. Mkopo wa mfanyabiashara ulikuwa na meno: aliyekosa mafungu machache aliweza kunyang'anywa gari pamoja na yote aliyokwisha kulipa. Ford hakuona njia ya kati, kwamba wafanyakazi wenyewe wakusanye akiba zao mfuko mmoja na kukopeshana kutoka humo. Vyama vya akiba na mikopo vilikuwako Marekani tangu mwaka 1909, lakini njia hiyo hutaka mtu awaamini watu wa chini kushika fedha na kuamua mambo.

Imani hiyo hakuwa nayo. Alimpa mfanyakazi mshahara, akampa gari, na mwaka 1926 akampa juma la kazi la siku tano, sauti hakumpa. Tarehe 7 Machi 1932, wakati wa shida kuu ya uchumi, watu wasio na kazi waliandamana mpaka kiwandani kwake, wakapigwa risasi na wengine wakafa. Mwaka 1937 walinzi wake waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi mbele ya wapiga picha. Alikubali kutia sahihi mkataba na chama hicho mwaka 1941 tu, wa mwisho kati ya makampuni makubwa matatu ya magari. Kadhalika gazeti lake lilieneza chuki mbaya juu ya Wayahudi tangu mwaka 1920. Aliomba radhi mwaka 1927, lakini sumu ilikuwa imekwisha kusambaa.

Habari moja ya mashamba haiwezi kutupita. Mwaka 1928 alianza shamba kubwa la mipira huko Brazil, ambako ndiko asili ya mkorosho wetu, akaliita Fordlandia. Miti ilipandwa imesongamana bila kusikiliza wenye ujuzi wa nchi ile, ukungu ukala majani, na mwaka 1945 mashamba yake yakauzwa kwa serikali ya Brazil kwa hasara kubwa. Anayejua ubwiriunga, tena aliyesikia wazee wakisimulia mpango wa karanga wa Nachingwea uliokoma mwaka 1951, hahitaji maelezo zaidi.

Mwanawe wa pekee, Edsel, alifariki mwaka 1943. Mzee akarudi kushika usukani wa kampuni akiwa dhaifu wa mwili na wa kumbukumbu, hata mwaka 1945 akamwachia mjukuu. Mwanzoni mwa Aprili 1947 mto Rouge ulifurika, ukazima mtambo wa umeme wa nyumba yake ya Dearborn. Yule aliyewahi kufanya kazi ya kulinda mitambo ya umeme alikata roho usiku wa tarehe 7 Aprili, mwenye umri wa miaka 83, mkewe yu kando yake, katika mwanga wa mishumaa na taa ya mafuta.