Jembe la Apolo Kivebulaya



Mtu akituuliza siku ya Jumapili ni nani anayemtumikia Mungu katika kanisa letu, tunanyosha kidole mbele: mchungaji, mashemasi, wanakwaya, kijana anayepiga gitaa. Mama aliyekuja na kikapu cha viazi tunamwona ametoa sadaka tu. Fundi aliyepigilia tena mabati baada ya upepo tunamwambia asante, na jina lake halitajwi tena. Lakini hapa Kibabi na katika milima yote ya Masisi, walio wengi kanisani ni watu wa namna hiyo: wakulima wa maharagi na viazi, wachunga ng'ombe, washonaji, waashi. Wengi wao wanasema moyoni kwamba hawana karama. Na wale ambao vita viliwaondoa mashambani mwao wanafikiri kwamba hata kile kidogo walichokijua hakina tena faida mbele za Mungu.

Kwa ajili yao tunataka kukumbuka maisha ya mtu mmoja aliyefanya kazi kaskazini yetu, kule Boga, Ituri, ambako zamani watu waliita Mboga. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Ndugu zetu Waanglikana humkumbuka kila mwaka tarehe 30 Mei, siku aliyofariki, lakini mfano wake ni wetu sote.

Apolo alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana wazazi walimwita Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa. Ujana wake haukuwa wa utakatifu. Alibeba silaha katika vita vya dini vilivyoivuruga Buganda miaka ile, na mwaka 1891 alikuwa katika msafara wa kapiteni Lugard uliokwenda Toro. Baadaye watu walimwita Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilopenda kuvaa.

Kati ya watu waliomvuta kuelekea Injili alikuwepo Alexander Mackay, mmisionari kutoka Uskoti aliyefika Buganda mwaka 1878. Mackay alikuwa fundi wa mitambo. Alifua chuma, alipasua mbao, na mtambo wake wa kuchapa ulitoa kurasa za kwanza za Maandiko kwa Kiganda. Watu wa jumba la mfalme walishangaa kumwona mwalimu wa dini mwenye mikono iliyojaa masizi. Mackay alifariki mwaka 1890, kabla Apolo hajabatizwa. Lakini kijana yule alikuwa ameona kwamba neno la Mungu na nyundo vinaweza kukaa katika mikono ya mtu mmoja.

Apolo alibatizwa mwaka 1895, akachukua jina la yule mhubiri tunayemsoma katika kitabu cha Matendo. Mwaka huohuo kanisa lilimtuma Toro kuwa mwalimu. Hapo ndipo aliposikia habari za Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, ukingoni mwa msitu mkubwa. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kufika huko na kuanza kufundisha kusoma. Mtawala wa mahali, Tabaro, hakupendezwa na mafundisho yao juu ya pombe na wake wengi. Hakuhitaji kuwapiga. Watu walikataa kuwapa chakula, na njaa ikawarudisha walikotoka.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo alikubali kwenda mahali pale pale. Kabla ya kuondoka alijipatia jembe.

Tusilipite jembe hilo haraka. Apolo alikuwa amekwisha kusikia kilichowapata wenzake. Angeweza kungoja mpaka wakubwa wamhakikishie posho, au kusema kwamba mtumishi wa Mungu hulishwa na watu wake. Yeye alijua kulima, kama kila mtu wa kijijini alivyojua. Kwa ujuzi huo wa kawaida alifungua mlango uliokuwa umefungwa: Mboga waliponyima chakula, mwalimu mpya alikwenda shambani. Njaa haikuweza tena kumfukuza, wala hakuna aliyeweza kununua mahubiri yake kwa sahani ya chakula. Asubuhi alilima, akafundisha watu kusoma, akakata matete na nyasi, akajenga nyumba yake na nyumba ya sala. Kazi hizo zote alimfanyia Bwana mmoja.

Lakini tusiwadanganye wasomaji wetu. Kufanya kazi kwa moyo wote hakumkingi mtu na msiba. Siku za kujenga, dada yake Tabaro, ambaye alikuwa mmoja wa Wakristo, alikuwa akisaidia kuleta vifaa vya ujenzi. Mkuki wa Apolo ulikuwa umeachwa kati ya majani. Mwanamke yule akauangukia, akafa. Apolo alishitakiwa kwamba amemwua, akapelekwa Toro na kutiwa gerezani. Baadaye aliachiliwa, na makusudi mabaya hayakuonekana kwake. Lakini dada wa watu alikuwa amekufa, na kazi iliyofanywa kwa ajili ya kanisa ilikuwa imeleta kilio katika familia.

Wengi wetu tungeishia hapo. Apolo alirudi Mboga. Katika mateso ya siku zile, alisimulia baadaye, usiku mmoja alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia nguvu na kumwambia kwamba yuko pamoja naye. Akashika tena jembe na matete, kati ya watu waliomjua kwa msiba ule. Na Tabaro, ambaye zamani aliwaona walimu kuwa adui, mwishowe aliomba ubatizo, akaitwa Paulo.

Mwaka 1900 Apolo aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi. Kwa miaka mingi alifanya kazi upande wa Toro. Wakati huo wakoloni Waingereza na Wabelgiji walipanga upya mipaka yao, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo. Mwaka 1915 alirudi kwa Wakristo wake wa zamani, akakaa nao mpaka mwisho. Kuanzia mwaka 1921 aliingia zaidi msituni, kwa Wambuti, watu ambao majirani zao wengi waliwadharau. Alikwenda kwa miguu, akalala kwao, akajifunza kusema nao, akawafundisha. Mwaka 1922 Namirembe ilimpa heshima ya kuwa kanoni. Yeye aliendelea kuishi maisha ya kawaida kati ya watu wa kawaida. Hakuoa, mchumba wake alikuwa amefariki zamani.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume na desturi, kwa sababu upande huo ndiko uliko msitu ambao alikuwa bado hajamaliza kuufikia. Kutoka katika kazi ile lilikua Kanisa la Anglikana la Kongo: mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi yake ya kwanza katika nchi yetu.

Tunajifunza nini, sisi wa milimani?

Kwanza, Mungu hakumwomba Apolo alete kitu asichokuwa nacho. Alitumia mikono iliyojua kulima na kujenga, miguu iliyozoea safari, na uwezo wa kusoma aliokuwa amejifunza naye kwa wengine. Tukifungua Kutoka sura ya 31 tunamwona Bezaleli akijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya fundi. Katika Matendo sura ya 9 wajane wanaonyesha nguo ambazo Dorkasi aliwashonea, na nguo hizo ndizo ushuhuda wake. Mshonaji anayeshona mavazi ya watoto wa shule kwa uzi usiokatika, muuza maziwa asiyeongeza maji, mwashi anayenyoosha ukuta hata pale ambapo hakuna atakayeutazama, hao wanamwabudu Mungu siku ya Jumanne kama tunavyoimba Jumapili.

Pili, kipawa hakibaki shambani tunapokimbia. Ndugu aliyefika ugenini bila ng'ombe wala shamba bado anajua kuchagua mbegu, kusuka kikapu, kuhesabu, kumtuliza mtoto anayelia. Apolo naye alifika Mboga akiwa mgeni asiyetakiwa, na kilichomsaidia kusimama ni ujuzi alioubeba ndani yake. Kanisa linalopokea wakimbizi liwaulize pia wanajua kufanya nini, pamoja na kuwauliza wanahitaji nini.

Tatu, na hili tunalisema kwa viongozi, nasi tukiwa miongoni mwao. Tusilitumie neno la ibada kumnyima mtu haki yake. Kuna fundi anayeambiwa kwamba kazi ya kanisa ni ya Mungu, kisha anarudi nyumbani bila kitu, na watoto wake wanalala njaa. Jembe la Apolo ni sifa kwa Apolo; kwa wale walionyima walimu chakula ni aibu. Anayejitolea ajitolee kwa furaha, na aliyepatana mshahara alipwe kabla ya jua kuzama.

Basi juma hili kila mmoja wetu atazame kitu ambacho mkono wake unakishika kila siku: jembe, sindano, chaki, mwiko, kamba ya ng'ombe. Kabla ya kuanza kazi akiinue kidogo mbele za Mungu na kusema kwamba ni chake. Na Jumapili ijayo tunapotaja watumishi kanisani, tumtaje pia aliyepigilia mabati.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu, ninyi mlio nyumbani na ninyi mlio mbali na nyumbani. Amina.