André Citroën: mutu aliyeshusha gari bila kukata resori



Siku hizi, mu Kapolowe na mu Likasi, tunaona vijana wetu wanapenda sana gari ya chini. Kijana ananunua gari, haijamaliza hata mwezi, anaipeleka kwa mekanisie, resori zinakatwa muzunguko moja ao mbili, na gari inalala sawa vile kuku anayelalia mayai. Kwa macho inapendeza, hatukatai. Lakini gari ile ile njo inapeleka baba ku kazi asubui, njo inakimbiza mama mujamzito ku hospitali, njo inaleta samaki kutoka Tshangalele. Gari moja, kazi tatu, na njia ni ile yetu ya mashimo na mawe.

Juu ya ile tunasimulia leo maisha ya André Citroën. Ni mumoja wa watu waliofanya gari ya chini ipatikane kwa watu mingi. Ni yeye tena aliyetuma magari yake kupita Afrika, na ile hakuishusha hata kidogo. Mu maisha yake kuko masomo ya gari, na kuko masomo ya kazi na ya mushahara.

Mutoto wa muuza almasi

Citroën alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 5 mwezi wa pili 1878. Alikuwa wa mwisho mu watoto watano. Baba yake alitoka Uholanzi, mama yake Polandi. Jina la jamaa linatoka ku malimao, juu mukubwa wao mumoja kule Uholanzi alikuwa muuzaji wa matunda ile.

Baba alifanya biashara ya almasi. Siye watu wa madini tunajua biashara ya namna ile: leo bei inapanda, kesho inaanguka, na mwenye kuanguka nayo ni mutu. Mu 1884 mambo ya baba yaliharibika, akajiua. André alikuwa na miaka 6. Mama njo alibaki na watoto wote na akawasomesha. Kijana aliingia École Polytechnique, masomo kubwa ya mainjinia mu Ufaransa, akatoka 1900.

Mwaka ule alienda kutembelea jamaa ya mama yake kule Polandi. Kule aliona magurudumu ya meno, lakini meno yake haikukatwa sawa, ilikatwa kwa mufano wa V. Meno ya namna ile inashikana polepole, haipigi kelele, na inabeba nguvu mingi. Citroën akanunua haki ya kuitengeneza, akafungua kiwanda chake Paris. Zile V mbili zinazoangalia juu, mbele ya kila gari ya Citroën mpaka leo, ni meno ile. Watu mingi wanaziona kila siku, hawajui.

Mu 1908 alipewa kazi ya kusimamisha tena kampuni ya magari Mors, iliyokuwa karibu kuanguka. Mu 1912 alienda Marekani, akaona kwa Henry Ford namna gari inatengenezwa.

Vita ya 1914 ilipofika, jeshi la Ufaransa likakosa risasi za mizinga. Citroën akajenga kiwanda mu 1915 ku Javel, pembeni ya muto Seine, na mpaka mwisho wa vita kilitoa risasi zaidi ya 20,000,000. Vita ile ilikula shaba mingi, na shaba yetu ya Katanga ilipelekwa vilevile kwa upande wa Ufaransa na wenzake. Mu kiwanda cha Javel wengi walikuwa wanawake, juu wanaume walikuwa mu vita. Citroën aliwawekea mahali pa kula, mahali pa matunzo na mahali pa kuacha watoto wachanga. Tunaisema juu ni kweli. Lakini mutu asisahau: kazi ya kule ilikuwa nzito, na saa zilikuwa ndefu.

Vita ilipoisha, kiwanda kikabaki bila kazi. Njo 1919 Citroën akatoa gari yake ya kwanza, Type A. Mu Bulaya ilikuwa gari ya kwanza kutengenezwa kwa wingi namna ile. Zamani munsitari wa magari alinunua shasi, kisha akatafuta mwenye kumutengenezea bodi, kisha taa, kisha mapine. Type A ilitoka kiwandani ikiwa na vyote, mutu analipa na anaondoka nayo. Mu 1929 Citroën alikuwa anatoa karibu gari 100,000 kwa mwaka, na tangu 1925 jina lake liliwaka kwa taa usiku juu ya munara wa Eiffel.

Gari aliyotuma Afrika

Hapa vijana wafungue masikio. Mwezi wa kumi 1924, msafara wa gari nane za Citroën uliondoka Colomb-Béchar, Algeria, kupita Afrika nzima. Waliuongoza Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Walipita jangwa, Niger, Chad, wakaingia Kongo yetu iliyokuwa chini ya Wabelgiji, wakapita pori mpaka Stanleyville, ile tunaita leo Kisangani, kisha wakafika Kampala. Pale wakajigawanya mafungu ine. Fungu moja, la injinia Brull, lilishuka kwenda Afrika ya Kusini na likapita kwetu Élisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo. Mwezi wa sita 1925, Haardt akafika Tananarive, Madagascar.

Zile gari zilikuwa namna gani? Nyuma hazikuwa na magurudumu ya kawaida. Zilikuwa na mukanda wa mupira unaozunguka, sawa ule wa buldoza tunaouona mu karière, kazi ya injinia Kégresse aliyefanya zamani mu garaje ya mufalme wa Urusi. Hazikukimbia. Hazikuwa nzuri kwa macho. Lakini zilipanda muchanga, zilipita matope, na tumbo yake haikukaa juu ya jiwe. Citroën alijua gari inatengenezwa kufuatana na njia inayoingojea.

Na neno ingine. Vitabu vinashika majina ya wazungu wale. Lakini mbele yao, mu pori ya Kongo, watu wa vijiji njo walikata njia, wakapanga madaraja ya miti, wakabeba petroli kichwani. Majina yao haikuandikwa. Siye tunawakumbuka hapa.

Gari ya chini na bei yake

Sasa tufike ku gari ya chini. Mu 1934 Citroën akatoa ile inaitwa Traction Avant. Mu siku zile magari mingi yalisimama juu, mutu anapanda kwa kukanyaga ngazi ya pembeni. Traction ilikuwa chini, ngazi haikuwa na lazima. Mu kona ilishika njia kuliko wenzake, na watu wakashangaa.

Ilishuka namna gani? Si kwa kukata kitu. Mainjinia wake, André Lefebvre na wenzake, walihamisha nguvu ya motere ku magurudumu ya mbele. Kwa hiyo ile chuma ndefu inayopita chini ya gari kwenda nyuma ikaondoka. Tena waliondoa shasi nzito, bodi yenyewe ikawa ya kubeba kila kitu. Chini pakabaki wazi, njo sakafu ikaweza kushuka. Ku pahali pa resori waliweka fimbo za chuma zinazojikunja, na gurudumu lilibaki na nafasi ya kupanda na kushuka. Hapo njo tofauti iko: sakafu ilishushwa, lakini kazi ya resori haikupunguzwa.

Lakini Citroën alikuwa na haraka, na alipenda kucheza pesa, mu kazino ya Deauville na mu kiwanda vilevile. Mu 1933 aliamua kubomoa Javel na kuijenga upya, kwa miezi michache tu, kwa pesa ya kukopa. Mwaka ule ule, mwezi wa tatu, kampuni ikakata mishahara. Wafanyakazi wakasimamisha kazi, mugomo ukaendelea karibu majuma matano. Mu mwezi wa kumi kiwanda kipya kikafunguliwa, na karamu ikafanywa ya maelfu ya watu. Wandugu, muangalie mambo haya matatu pamoja: deni, mushahara uliokatwa, karamu. Haikuwa Ufaransa peke yake, na haikuishia 1933.

Traction ikaingia ku soko mbele ya kuiva. Magari ya kwanza yalikuwa na matata mingi, na kutengeneza kulikula pesa ingine. Mwezi wa kumi na mbili 1934 kampuni ikashindwa kulipa madeni. Michelin, wenye mapine, walikuwa wanadai mingi, njo wakaikamata. Wafanyakazi maelfu wakapoteza kazi. Citroën mwenyewe alikuwa mugonjwa wa kansa ya tumbo, akafa Paris tarehe 3 mwezi wa saba 1935. Alikuwa na miaka 57. Gari aliyoanguka juu yake ikaendelea kutengenezwa mpaka 1957, zaidi ya 750,000.

Kisha yake, watu wa kampuni ile walifikiri juu ya mulimaji. Kiongozi mupya, Pierre Boulanger, aliomba gari inayobeba watu wawili na kilo 50 za viazi, na inayopita mu shamba bila kuvunja mayai mu kitunga. Ikatokea mu 1948, 2CV, gari ya juu na ya resori laini. Halafu 1955 wakatoa DS, inayolala juu ya mafuta na hewa, kazi ya Paul Magès. Ile ilikuwa chini na nzuri, lakini shofere alikuwa na kifungo cha kuinyanyua kama njia imeharibika. Muone: hata waliojua kushusha gari kuliko wote walimuachia shofere namna ya kuipandisha.

Na siye hapa?

Vijana hawasemi uongo wakisema gari ya chini inashika kona. Ni kweli kama yote imepangwa pamoja. Resori iliyokatwa ni kitu ingine. Inakuwa ngumu na fupi. Amortiseri inakosa nafasi, inagonga mwisho wake, inaanza kutoa mafuta. Magurudumu yanainama, mapine yanaisha upande wa ndani. Kardani zinazunguka mu pembe ambayo hazikutengenezewa. Resori yenyewe inaweza kutoka mahali pake gurudumu likiingia mu shimo. Na karteri iko karibu na mawe: jiwe moja, mafuta inamwangika, motere inakufa ukiwa kati ya Kapolowe na Likasi, kamio za madini zinapita pembeni yako.

Kwa mufanyakazi hesabu haifiche. Gari ikikatika njiani, siku ya kazi imepotea, na siku iliyopotea inaonekana mwisho wa mwezi, mama akipanga unga na pesa ya masomo. Ukiongeza amortiseri na mapine, ule uzuri wa macho umekula mushahara kuliko bia.

Hatuwaambie vijana waache kupenda gari. Kijana anayejua kufungua na kufunga resori ana ufundi mu mikono, na mukoa wetu unahitaji ufundi ule. Tunasema hivi: kama gari ni ya kuonyesha tu, na mutu anataka ishuke, aweke resori fupi zilizotengenezwa kwa gari ile, pamoja na amortiseri zake, na magurudumu yapimwe upya. Na kama gari ni ya jamaa, ya kubeba watu watano na mizigo, iachwe vile ilitoka kiwandani. Mbele ya kushika musumeno, apime nafasi kati ya karteri na udongo gari ikiwa imejaa watu, kisha aende kuangalia mashimo ya njia anayopita kila siku.

Citroën alishusha gari kwa kubadilisha gari nzima, tena kwa njia za Ufaransa. Kwa njia zetu alituma mukanda wa buldoza. Tangu siku zile, njia zetu mingi hazijabadilika sana. Juu ya ile tuendelee kudai barabara, ku serikali na ku makampuni yanayopitisha madini yetu kila siku. Siku barabara itakuwa laini, vijana washushe magari yao, na siye tutapanda pamoja nao.